Mita Isiyokataa

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mita ya mezani ya Mwalimu ilitulia kwenye milioni moja na nusu. Tarakimu zote zilisimama, hata ile ya mwisho ambayo kwa kawaida hucheza. Ningependa ieleweke mapema kwamba kutulia huko ndiko kulikotuponza. Kama ingeyumba, hata Mwalimu angeitilia shaka.

Tulikuwa tunapima mashine ya tiba ya viungo, tiba ambayo watu wengi hapa Kigali bado wanaiita kine. Ni mashine inayopeleka mtetemo mwilini kupitia kichwa cha chuma ambacho mtabibu anakisugua polepole juu ya ngozi. Kichwa kilichokuwa mezani kwetu kilitakiwa kitetemeke mara milioni tatu kwa sekunde. Mita ya Mwalimu, kwa mujibu wa kitabu chake chenyewe, inapima frikwensi hadi mara laki tatu kwa sekunde, si zaidi. Tulikuwa tumeuvuka mpaka wake mara kumi.

"Mwalimu, hii namba si ya kuaminika," nikasema.

"Imesimama."

"Imesimama mahali ambapo haina ruhusa ya kusimama."

"Dokta, mtu anayesema uongo anatetemeka. Tazama hii. Iko inatetemeka?"

Mimi si daktari wa kitu chochote. Jina hilo alinipa yeye kwa kunidhihaki, kwa sababu nasoma vitabu vya mashine kuanzia ukurasa wa kwanza, pamoja na kurasa za tahadhari. Sina diploma. Nililelewa Tanzania, nikarudi nchini nikiwa kijana, na ufundi nilijifunza kwa kusoma na kwa kuunguza vitu. Mwalimu alikuwa na diploma. Ilikuwa ukutani ndani ya fremu, kwa Kifaransa, imefifia kiasi kwamba muhuri ulionekana vizuri kuliko jina. Nasema hivi kwa sababu ndiyo iliyotufunga pamoja. Karakana yetu ndogo karibu na makutano ya Sonatubes ilikuwa inakufa, maana siku hizi televisheni ikiharibika watu wananunua nyingine. Kliniki moja ya Kinyinya ilikuwa inatafuta karakana ya kutunza mashine zake zote kwa mwaka mzima. Mashine hii moja ilikuwa jaribio. Tukiifanya vizuri tungepata kazi, na karakana ingebaki wazi. Kliniki ilitaka ripoti iliyosainiwa na mtu mwenye diploma, na Mwalimu hakuwahi kusaini kipimo chochote ambacho hakikutoka kwenye mita yake.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa. Mimi ndiye niliyeijua kanuni, yeye ndiye aliyekuwa na saini.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa muda wote huo sikumbuki juma lililopita bila yeye kuniudhi. Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa na kazi nyepesi zaidi kama angekuwa mbaya, kwa sababu ningeondoka.

Mita yenyewe ilikuwa ya kijivu, nzito, ya kuweka mezani, iliyonunuliwa kwenye mnada wa mradi fulani wa simu uliofungwa. Aliifunika kitambaa kilichodariziwa maua, kama watu wa zamani walivyofunika redio sebuleni. Asubuhi aliiwasha kabla ya kuvua koti, kisha hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka amalize chai yake ya maziwa. "Iache iamke," alisema. Katika hilo alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mita ya namna hiyo huhitaji kupata joto kabla haijapima sawasawa, na hata kitabu kinasema hivyo. Lakini nilipomwonyesha ukurasa wenyewe, alikasirika. Hakutaka kitabu kikubaliane naye. Alitaka kijue kwamba yeye alijua kwanza.

Baada ya chai alipima umeme wa mtaa. Umeme wetu unatakiwa ugeuke mara hamsini kwa sekunde, yaani hezi hamsini, naye kila siku alitaka kujua umepungukiwa na nini. Alitoka mlangoni akawatangazia madereva wa moto, zile pikipiki za kukodi, waliokuwa wakingoja abiria.

"Leo umeme umechoka kidogo!"

"Mwarimu," mmoja akajibu siku moja, "na hii moto yangu iko na hezi ngapi?"

"Zimebaki mbili. Na zote ziko kwenye kelele."

Walimpenda. Walimpenda ingawa aliwachelewesha kupita kiasi, kwani hakupanda moto mpaka amefunga mkanda wa kofia, akaukagua, akaufungua, akaufunga tena. Dereva angeweza kupoteza abiria wawili wakati Mwalimu anakagua kidevu chake. Barabara alivuka kwenye mistari myeupe tu, hata kama mistari ilikuwa mbali na magari hayakuwepo. Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na aliwakemea waliokuja na simu mkononi. Katika maisha yake yote ya kiraia sijamwona akivunja sheria hata moja.

Lakini mpaka ulioandikwa kwenye kitabu cha mita aliuona kuwa ni woga wa mtu fulani.

"Laki tatu," alikuwa akisema, "ni pale mtengenezaji anapoogopa kushitakiwa. Siyo pale mashine inapochoka."

Kwa bahati mbaya yangu, kauli hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Mtengenezaji mwangalifu huandika kiwango anachoweza kukihakikisha, na mara nyingi mashine huendelea mbele kidogo. Tulibishana juu ya jambo hili mwaka wetu wa kwanza pamoja. Nikamwambia mita haiwezi kupima milioni moja. Akasema inaweza. Tukawekeana dau la Fanta ya ndimu. Alichukua kijenereta cha mawimbi, akakiweka karibu na redio ya zamani ya masafa ya kati, akazungusha mpaka filimbi ikasikika ndani ya matangazo, kisha ikashuka, ikawa nzito, ikapotea. Mahali filimbi inapopotea, frikwensi mbili zimelingana. Akaunganisha mita. Ikasoma namba ileile ya kituo kile cha redio, chini kidogo tu ya milioni moja, bila kosa nililoweza kuliona.

Nikanunua Fanta. Akainywa taratibu mbele yangu, akihesabu mafunda kwa Kifaransa. Alihesabu kwa Kifaransa siku zote, kile cha huku kwetu chenye septante na nonante kwa sabini na tisini. Aligombana kwa Kiswahili cha Bujumbura, ambako alikulia, na alisali kwa Kirundi. Nilikuwa najua hali yake kwa kusikiliza tu lugha anayonong'ona akiwa mezani.

Tatizo ni kwamba alishinda dau lile. Tangu siku hiyo, kila nilipotaja mpaka, alisema "Fanta" na mazungumzo yakaisha. Alichukua ushahidi wa milioni moja akaufanya ushahidi wa kila kitu kilicho juu yake. Nilijaribu kumweleza kwamba mtu aliyevuka mto mahali pa magoti hajathibitisha kina cha mto mzima. Akaniuliza kama na mito nimeisomea.

Kuna jambo jingine la mita za namna hiyo ambalo halikumuudhi yeye ila liliniudhi mimi sana. Ukiipa volti nyingi kupita kiasi, inakuandikia kwamba imezidiwa. Ukiipa frikwensi nyingi kupita kiasi, haisemi kitu. Haikatai. Inakupa namba nzuri, yenye tarakimu nyingi, na inakuachia wewe kujua kama ni ya kweli. Nilidhani mwalimu wa shule ya ufundi, mtu aliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi, angekuwa wa kwanza kuogopa jibu zuri lisilo na kazi chini yake.

Maana alikuwa mkali kwa wanafunzi wake, hata waliokwisha kuwa watu wazima. Walijaa mji huu. Mwanamume mwenye tai na gari safi angesimama pale Sonatubes, ateremke kumsalimia kwa mikono miwili, na Mwalimu angemtazama kwa muda kisha aseme, "Weye ndiye uliyechoma ampmita." Mbele ya mkewe. Nilishuhudia hilo zaidi ya mara moja, na kila mmoja alicheka kwa furaha, kana kwamba amepewa nishani. Siwaelewi.

Bei zake nazo hazikuwa na mfumo. Mtu akija na pasi akasema, "Mzee, ni kitu kidogo tu," Mwalimu aliongeza bei. "Kama ni kadogo, kafanye nyumbani." Mtu akija amenyamaza, ameshika redio kwa mikono miwili, alitengenezewa kwa nusu. Nilichapisha orodha ya bei nikaibandika ukutani. Akaniomba gundi ibandikwe vizuri zaidi, kisha hakuitazama tena.

Kuhusu mashine ya kliniki, nilikuwa na suluhisho, na lilikuwa limelala kwenye droo yangu. Nilikuwa nimetengeneza kigawaji, yaani kijisakiti cha aisii mbili, vile vidude vyeusi vyenye miguu mingi, kila moja ikigawanya kwa kumi. Unaingiza frikwensi kubwa upande mmoja, upande wa pili inatoka ikiwa imegawanywa kwa mia moja. Milioni tatu inatoka ikiwa elfu thelathini, ambayo mita inaipima bila kuvuka mpaka wowote. Unasoma, unazidisha kwa mia, basi. Ni njia ya kawaida ambayo fundi yeyote duniani anaitumia.

"Oya," alikataa Mwalimu kwa Kirundi asubuhi ile nilipokiweka mezani. "Mimi na mashine tunaongea. Weye unataka kuweka mkalimani katikati."

"Mkalimani huyu hasemi uongo."

"Wote wanasema hivyo. Nimekaa katika mikutano yenye lugha tatu, Dokta. Mtu anaongea dakika kumi, mkalimani anasema maneno mawili."

Nilikuwa na miadi ya kupima waya wa ardhini kwenye jengo jipya, kwa hiyo niliondoka nikiwa nimekasirika, na hilo lilikuwa kosa la ratiba. Niliporudi jioni mashine ilikuwa imefungwa, imefutwa vumbi, na juu yake kulikuwa na ripoti yenye saini. Ilisema kwamba mashine ilifika ikiwa na frikwensi nusu ya inavyotakiwa, milioni moja na nusu, na kwamba baada ya marekebisho inatoa milioni tatu kamili.

"Umerekebisha nini?" nikauliza.

"Kulikuwa na kisakiti ndani kinachogawanya kwa mbili. Nimekiruka kwa kipande cha waya." Akaiwasha, akaunganisha mita. Milioni tatu, imetulia. "Sasa kunywa chai."

Nilipaswa kukitoa kigawaji saa ileile. Lakini gari la kliniki lilikuwa tayari mlangoni, dereva anapiga honi, na namba iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ndiyo namba iliyotakiwa. Mashine ikaenda Kinyinya.

Ilirudi baada ya siku chache, imeletwa na msimamizi wa kliniki mwenyewe, mwanamke mrefu aliyelelewa Uganda, mwenye haraka, ambaye alizungumza nasi huku akitazama saa.

"Muzee, mashine yenu iko inachoma watu. Mama mmoja alivuta mukono, akasema ni pasi. Bahati nzuri hakuumia. Halafu ikazima."

Nikaifungua. Transista za kusukuma nguvu zilikuwa zimeungua, na bamba lililo ndani ya kichwa, lile linalotetemeka, lilikuwa limepasuka. Kichwa hakitengenezeki. Kinanunuliwa kipya.

Kisha msimamizi akasema jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameisoma ripoti yetu. "Nyinyi muliandika ilikuja mbovu, frikwensi nusu. Basi waliniuzia kitu kibovu. Dhamana bado iko. Nitawaandikia wale wa duka waniletee kichwa kipya, na nyinyi mutakifunga. Halafu tuongee ile kazi ya mwaka."

Alituachia mashine ya pili ya aina ileile, ambayo kliniki iliitumia kila siku bila malalamiko, ili nayo tuikague. Akaondoka. Nikakaa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, ukaidi wa Mwalimu ulikuwa umetufaa.

Ila sikuweza kuacha kujua. Niliunganisha mashine ya pili moja kwa moja kwenye mita, Mwalimu akiwa anatazama. Milioni moja na nusu, imetulia.

"Unaona?" nikasema.

"Naona. Na hii nayo ni mbovu."

"Mwalimu, hii inatibu watu kila siku na wanapona!"

"Wanapona nusu."

Nilihesabu moyoni, kwa Kiswahili, mpaka kumi. Kisha nikakitoa kigawaji. Nikakiunganisha kati ya mashine na mita. Mita ikaonyesha elfu thelathini. Mara mia moja: milioni tatu. Mashine ilikuwa nzima. Ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima ilipotufikia. Nikaichukua sehemu yake inayozalisha mawimbi, ambayo haikuungua, nikaipima kwa kigawaji huku kipande cha waya cha Mwalimu kikiwa bado mahali pake. Elfu sitini. Milioni sita. Tulikuwa tumeisukuma mara mbili ya inavyotakiwa, na mita, kwa kuhesabu moja na kuruka moja, ilikuwa imetuonyesha tatu.

Mwalimu alikivuta kigawaji upande wake. Akakipima kwanza chenyewe, kwa kukiingizia namba ndogo anazozijua, moja baada ya nyingine. Akaja na ile ya redio, ya chini kidogo ya milioni moja. Ikatoka sehemu moja ya mia yake sawasawa. Akarudia tangu mwanzo. Alinong'ona kwa Kifaransa muda wote, kisha kidogo kidogo ikawa Kirundi.

"Ego," akakubali mwishowe. "Ndiyo hivyo."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Nilitaka kulifurahia. Lakini yeye alikuwa tayari anavaa koti.

"Unakwenda wapi?"

"Kinyinya."

"Kufanya nini?"

"Ile karatasi ina saini yangu."

"Mwalimu, kaa kwanza. Yule mama ameridhika. Duka lina dhamana, ndiyo kazi ya dhamana. Tukifunga kichwa kipya na kuutoa waya wako, mashine itakuwa nzima, wagonjwa watakuwa salama, na sisi tutakuwa na kazi ya mwaka."

"Wamefanya nini?"

"Akina nani?"

"Wale wa duka. Wamefanya nini?"

"Hawajafanya kitu."

"Basi," akasema, na akatoka.

Nilimfuata nikiwa nimepanda moto ya pili, kwa sababu niliona ni afadhali niwepo. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Kuna namna ya kulisema jambo hili polepole, kitaalamu, kwamba kipimo cha awali kilifanyika katika mazingira yasiyo na uhakika, na kadhalika. Sikupata nafasi ya kuitumia hata moja. Nilipofika, Mwalimu alikuwa amesimama mapokezi mbele ya msimamizi na wagonjwa waliokuwa wakisubiri, mmoja akiwa na magongo, na alikuwa anafundisha.

"Mita yangu ni kama mlinzi wa pale mlangoni. Watu wakiingia taratibu, anawahesabu wote. Wakiingia wanakimbia, anamhesabu mmoja, anamruka mmoja, anamhesabu mmoja. Jioni anakupa namba safi kabisa, lakini ni nusu. Mashine yako ilikuwa nzima, mama. Ilikuwa inakimbia vizuri. Mlinzi wangu ndiye aliyeshindwa, na mimi nikaiongezea mbio."

Msimamizi hakutazama saa. "Kwa hiyo nyinyi ndiyo muliharibu mashine yangu, halafu mukasaini ati iko sawa."

"Ego, mama. Mimi. Huyu alinikataza."

"Na duka?"

"Duka halina kosa."

Mgonjwa mwenye magongo akashangaa, "Yampayinka," kwa sauti ya mtu anayetazama mpira. Msimamizi alifikiri. Nakiri kwamba nilikuwa na matumaini. Nilidhani mtu akisikia ukweli wa namna ile, uliokuja wenyewe kwa miguu yake, ataona kwamba hawa ndio mafundi wa kuwaamini.

"Asante kwa kuniambia," akasema. "Mutanunua kichwa kipya. Na ile kazi ya mwaka nitawapa wengine."

"Ni sawa," akasema Mwalimu.

Haikuwa sawa. Nilimwambia hivyo tulipofika Sonatubes, kando ya barabara, magari yakipita, na sijui kama niliwahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. Nilimwambia angeweza kungoja siku moja. Angeweza kuniacha mimi niseme. Angeweza, katika miaka yote ile, kukitumia kigawaji mara moja tu, na tusingekuwa hapa tumesimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama anavyosikiliza mwanafunzi.

"Dokta," akasema, "miaka yote unanisomea mpaka. Leo nimekuelewa, na leo ndiyo umekasirika."

Kisha akatembea hadi kwenye mistari myeupe, akangoja, akavuka.

Karakana tuliifunga kabla ya mwaka kwisha. Kazi ya kliniki ilikwenda kwa kampuni moja ya mjini yenye milango ya vioo. Msimamizi hakutununia. Aliendelea kutuletea birika na pasi za umeme za kliniki, hata baada ya mimi kuhamishia kazi zangu nyumbani, na kila mara alimuulizia mzee. Nilimtengenezea pasi zake kwa bei iliyo kwenye orodha.

Mwalimu alihamia kwa binti yake Busanza, kwenye nyumba zile za ghorofa. Nilikwenda kumwona Jumapili moja baada ya misa. Alikuwa amepungua, na sikio la kushoto lilikuwa limeacha kazi, kwa hiyo nilikaa kulia. Binti yake alikuwa amempa kona ya sebule. Mita ilikuwa pale, inapata joto, na mbele yake kulikuwa na simu ya upepo iliyofunguliwa tumbo. Nyaya zilikuwa zimeingia moja kwa moja. Niliangalia kioo.

"Mwalimu, hiyo ni milioni mbili."

"Ndivyo inavyosema."

"Na kigawaji nilichokupa?"

"Kiko kabatini. Hii ni ya kwangu tu, Dokta. Sisaini."

Niliona mishipa ya kichwa changu ikianza ile kazi yake ya zamani, nikanywa chai. Alinitazama kwa raha. Tulizungumza juu ya watu tuliowajua, mwanafunzi gani amekuwa nani na alichoma nini. Nilipokuwa nanyanyuka kuondoka alinishika mkono wa shati.

"Ile ya Kinyinya. Mwishowe ilitugharimu kiasi gani?"

Nilijua, kwa sababu mambo hayo huwa nayajua. Kichwa, usafiri wake kutoka nje, ushuru, transista. Nikamwambia: laki sita na arobaini elfu.

Akafumba macho. Midomo yake ilikuwa inacheza, na nilitambua namba kwa Kifaransa.

"Uliweka na moto?"

"Moto zipi?"

"Za kwenda kumwambia yule mama. Yangu na yako. Kwenda na kurudi."

Sikuwa nimeziweka. Nilitaka kumwambia kwamba zile si gharama za ukarabati, kwamba hakuna mhasibu ambaye angeziingiza pale, na kwamba yangu nilijilipia mwenyewe nikiwa nakwenda kumzuia. Alikuwa ananingoja, jicho moja wazi.

"Ni sehemu ya kazi ile," akasema. "Weka."

Nikaziweka. Faranga laki sita, arobaini na tatu elfu na mia nne.